Kabla Hamjanunua Gari la Kikundi

Mimi ni bwana shamba. Nina umri wa miaka 46. Nilisomea cheti cha kilimo katika chuo cha Ilonga, huko Kilosa. Sasa ninafanya kazi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini kufuata barabara ya Kiroka na Matombo, utapita hapa kwetu. Utaona migomba, miembe na mifenesi. Ukiinua macho utauona mlima, na asubuhi nyingi umefunikwa na ukungu.

Kazi yangu ni kuzungumza na wakulima juu ya mbegu, mbolea na makinga maji. Leo nataka kuzungumza nawe habari za gari. Labda utauliza, bwana shamba na gari wapi na wapi? Soma polepole, ndugu yangu. Utaona.

Kikundi chetu cha miti

Hapa Bigwa kuna kikundi cha watu 14, wanawake kwa wanaume. Kazi yao ni miti. Wanakuza miche na kuiuza. Wanapunguza matawi ya miembe inayogusa mapaa ya nyumba. Mtu akiwa na mti mkavu karibu na nyumba yake, huwaita wauangushe na kuondoa magogo. Pia wana mikaratusi na mitiki waliyoipanda wenyewe katika mashamba yao.

Miti yao haitoki katika msitu wa juu ya mlima. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru tangu mwaka 2008. Haukatwi. Ndiko yanakotoka maji yetu, na mto Ruvu huyapeleka mpaka Dar es Salaam.

Kwa miaka minne kikundi hiki kiliweka akiba. Kila mwezi waliweka kidogo kidogo. Mama mmoja aliniambia kuwa aliwahi kuuza kuku wake watatu ili asikose kutoa fungu lake. Shabaha yao ilikuwa moja, kununua gari. Walikuwa wamechoka kukodi. Siku nyingine gari la kukodi halikuja, na miche ilikauka kando ya barabara.

Jioni moja mwenyekiti wa kikundi alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na furaha.

"Bwana shamba," alisema, "gari limepatikana."

Lilikuwa lori kubwa la zamani, pamoja na tela lake. Mwenye lori alitaka kuliuza upesi, kwa hiyo bei ilikuwa ndogo. Dereva naye alikuwa tayari, kijana wa dada yake mwenyekiti. Kwetu Uluguruni unajua mpwa ni mtu wa namna gani kwa mjomba wake. Mwenyekiti alitaka nije kwenye mkutano wa kikundi niwaambie wanachama kwamba jambo hili ni jema. Alijua wakisikia neno la bwana shamba hawatabisha.

Nilimwambia nitakuja. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na habari moja moyoni ambayo sikuwahi kuisema mbele ya watu.

Kosa langu la mwaka 2007

Mwaka 2007 nilikuwa kijana, na nilikuwa nikifanya kazi katika kijiji kimoja cha huko juu milimani. Wakulima wa kijiji kile walikuwa wameuza magogo ya mikaratusi. Tuliazima pikapu yenye tela. Tela lile lilitengenezwa na fundi wa mtaani. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini halikuwa na breki zake lenyewe.

Tulipakia magogo 10 kwenye tela. Dereva alizunguka akaangalia magurudumu. Akaniambia, "Bwana shamba, naona mzigo umezidi."

Mimi nilimjibu, "Injini hii ina nguvu. Jaribu kwanza."

Alijaribu pale kwenye tambarare. Pikapu ikavuta bila taabu. Mimi nikacheka. Nikasema, "Umeona?" Halafu kijana mmoja aliomba apande juu ya magogo ili asitembee kwa miguu. Nikamruhusu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye mteremko, dereva alikanyaga breki. Pikapu ilitaka kusimama, lakini tela halikutaka. Lilikuja kutoka nyuma na kuisukuma pikapu, likaigeuza ubavu. Tela likalala. Magogo yakabingirika. Gogo moja lilimwangukia yule kijana mguuni.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mguu ule haukunyooka tena. Mpaka leo anatembea kwa fimbo. Baadaye alihamia Bigwa kwa ndugu zake, na leo ndiye mtunzaji wa kitalu cha kikundi. Kila asubuhi ninapopita ananiambia, "Shikamoo bwana shamba." Nami ninaitikia, "Marahaba." Neno hilo hunitoka kwa shida.

Hakuna mtu aliyenishtaki. Watu walisema ni ajali tu. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kuzidisha na kugawanya. Ningeweza kupiga hesabu kwa dakika tano, nami sikupiga.

Mkutano

Siku ya mkutano tulikaa chini ya mwembe, karibu na kitalu. Mwenyekiti alieleza habari za lori. Watu walifurahi. Mmoja alisema, "Lori kubwa ni heshima." Mwingine akasema, "Na tela juu yake! Safari moja itatosha kazi ya juma zima."

Ndipo yule mtunzaji wa kitalu aliposimama na fimbo yake. Hakusema mengi. Aliuliza hivi:

"Gari hilo likishuka mlima na mzigo, litasimama?"

Watu walinyamaza. Mwenyekiti alinitazama. Basi nilisimama. Niliwaeleza habari yote ya mwaka 2007, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilisema kwamba dereva alinionya nami sikusikia. Nilisema kosa lilikuwa langu.

Nilipomaliza, yule ndugu alisema, "Bwana shamba, nilipanda mwenyewe, hukunibeba. Lakini hiyo hesabu ya dakika tano, tufundishe."

Basi niliwafundisha, nami nakufundisha wewe pia. Chukua kalamu.

Hesabu ya kwanza: uzito wa mzigo

Mti mbichi una maji mengi. Meta moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi ina uzito wa karibu tani moja, kama maji yenyewe. Ukijua ukubwa wa gogo, utajua uzito wake.

Chukua gogo lenye upana wa sentimeta 30 na urefu wa meta 4. Nusu ya upana ni sentimeta 15, yaani meta 0.15. Zidisha 0.15 kwa 0.15, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu, yaani 4. Utapata karibu 0.28. Gogo hilo lina uzito wa karibu kilo 280.

Sasa utaona ubaya wa kosa langu. Magogo 10 ya namna hiyo ni kilo 2,800. Karibu tani tatu! Pikapu nyingi za kawaida, kwa maagizo ya kiwandani, haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa tela halina breki zake. Mimi nilipakia karibu mara nne ya kiasi hicho.

Miche nayo ni mizito kuliko unavyodhani. Pale kitaluni tulipima miche 10 pamoja na viriba vyake vilivyomwagiliwa maji. Tulipata kilo 9. Basi miche 1,000 ni kilo 900.

Hesabu ya pili: uwezo wa gari

Usitazame ukubwa wa bodi. Bodi inaweza kuongezwa mbao na fundi yeyote. Tazama kadi ya gari, na kibati kilichopigwa kiwandani. Tafuta tarakimu mbili. Moja ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kitu kilichomo.

Tuseme gari tupu lina kilo 2,500. Uzito wa juu kabisa ni kilo 4,900. Toa 2,500 katika 4,900. Inabaki 2,400. Lakini usisahau watu. Dereva na wenzake wawili ni karibu kilo 200. Msumeno, kamba, minyororo na mafuta, tuseme kilo 100. Inabaki 2,100. Hapo ndipo mwisho wa mzigo wako. Kwa yale magogo ya kilo 280, unaweza kubeba 7. La nane linazidisha.

Hesabu ya tatu: tela

Nguvu ya kuvuta siyo nguvu ya kusimamisha. Trekta, lori au pikapu inaweza kuvuta mzigo ambao haiwezi kuusimamisha. Hilo ndilo nililolikosea.

Soma maagizo ya gari uone linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, kwa tela lenye breki na kwa tela lisilo na breki. Kilo hizo ni za tela pamoja na mzigo wake. Mara nyingi utaona pia uzito wa gari na tela vikiwa pamoja. Uzito huo nao usizidi. Ukijaza gari mpaka mwisho, nafasi ya tela hupungua.

Panga mzigo wa tela vizuri. Uzito wote ukiwa nyuma, tela litachezacheza njiani kama mkia. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iikalie ndoano. Funga mnyororo wa akiba, ili ndoano ikikatika tela lisiende peke yake. Na tela nalo linasajiliwa na kupewa namba yake, kama gari.

Ukishuka mlima, tumia gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto, na breki zenye moto hazishiki. Tena kumbuka jambo hili: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinahitaji nafasi mara nne ili gari lisimame. Na mtu asikae juu ya mzigo. Hata akiomba.

Jambo la nne: leseni ya dereva

Mpwa wa mwenyekiti alitoa leseni yake, tukaisoma pamoja. Ilikuwa ya daraja B. Kijana huyu anaendesha vizuri sana gari dogo la mjomba wake. Lakini daraja B katika nchi yetu haliruhusu kuendesha gari la biashara, wala magari makubwa ya mizigo. Gari la biashara la mizigo lisilo kubwa linataka daraja D. Magari makubwa ya mizigo yanataka daraja E. Kila daraja lina mafunzo yake na mtihani wake.

Watu wengine walisema, "Si anajua kuendesha? Atapata hiyo leseni baadaye." Niliwauliza, "Siku ya ajali, nani atalipa?" Gari la kikundi linaloendeshwa na mtu asiye na daraja lake linaweza kukosa fidia ya bima. Akiba ya miaka minne itakwenda siku moja, pamoja na wale kuku watatu wa mama.

Nchi nyingine nazo zinaweka mipaka. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya daraja B inaishia kwenye gari la kilo 3,500. Mwenye gari la miti huko hupiga hesabu hizi hizi kabla hajanunua. Si umaskini wetu unaotufanya tupime.

Kabla ya kulipa, chukueni kadi ya gari na leseni ya dereva. Nendeni kwa polisi wa usalama barabarani. Mwulizeni kama leseni hiyo inatosha kwa gari hilo na tela hilo. Kuuliza hakuna malipo.

Barabara nayo ina mipaka

Tangu tarehe 1 Machi, 2019, Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Magari yenye uzito wa kuanzia tani tatu na nusu hupimwa kwenye mizani. Ukitoka hapa kwenda Dar es Salaam utakutana na mizani ya Mikese. Ekseli moja yenye magurudumu manne haitakiwi kuzidi tani 10. Gari zima na matela yake lisizidi tani 56. Usidhani kwamba kila gari limeruhusiwa kubeba hivyo. Hiyo ni mipaka ya kulinda barabara. Gari lako lina mpaka wake mdogo zaidi, ule wa kwenye kadi.

Na kabla ya kusafirisha magogo au mbao, mwone ofisa misitu. Atakueleza kibali na hati ya kusafirishia unayohitaji, hata kama miti ni yako uliyoipanda mwenyewe.

Tulifanyaje?

Hatukuamua siku ile. Tulikubaliana kuandika katika daftari kila safari ya mwezi mmoja, tuone tunabeba nini hasa. Mwisho wa mwezi tulihesabu safari 12. Safari 9 zilikuwa za mizigo chini ya tani mbili, kama miche, matawi, kuni na magogo machache. Safari 3 tu ndizo zilizohitaji lori kubwa.

Hapo kila mtu aliona mwenyewe. Kwa nini tununue lori kubwa la kulala siku nyingi, linalokula mafuta na magurudumu, kwa ajili ya safari 3? Afadhali gari dogo la mizigo la kazi ya kila siku. Kwa zile safari 3 tutakodi lori, pamoja na dereva wake mwenye daraja E.

Sitakuficha, si wote waliofurahi. Lile lori la bei ndogo lilinunuliwa na mtu mwingine. Wako wanachama ambao mpaka leo wanasema tulipoteza bahati. Mwenyekiti hakuzungumza nami kwa juma zima. Alidhani nimemwonea mpwa wake.

Baadaye yule kijana mwenyewe alikuja kwangu. Alikuwa amesikia kwamba chuo cha VETA cha Kihonda kinafundisha udereva wa magari ya mizigo. Nilimsaidia kuandika barua ya maombi. Kikundi kilikubali kumkopesha karo. Sasa yuko masomoni. Wakati huu tunamlipa dereva mwingine, mtu mzima mwenye leseni inayotakiwa. Mwenyekiti sasa anaitikia salamu zangu.

Gari tulilonunua ni lori dogo lililotumika. Kabla ya kulipa tulimpeleka fundi tusiyejuana naye, wala hajuani na mwuzaji. Alilala chini yake akatazama breki, springi, na mahali chesi ilipoungwa. Tulimlipa kwa kazi hiyo, na fedha ile haikupotea. Alituonyesha bomba la breki lililokuwa linavuja. Mwuzaji alilibadilisha kabla ya kupokea fedha.

Siku ya safari ya kwanza tulikwenda kuchukua mikaratusi ya mwanachama mmoja, huko juu mlimani. Magogo yalikuwa 8. Tulipakia 7. Vijana walisema, "Bwana shamba, gogo moja tu! Litaleta madhara gani?"

Kabla sijafungua mdomo, yule ndugu mwenye fimbo alisema, "Liacheni."

Wakaliacha. Gari likashuka polepole kwa gia ndogo. Yeye alikataa kupanda hata kule mbele kwa dereva. Alisimama kando ya barabara akilitazama mpaka likafika kwenye kona ya chini. Pale dereva alikanyaga breki, gari likasimama. Alitupungia mkono, akaendelea.

Ndugu msomaji, ikiwa kikundi chenu kinataka gari, msianze na bei. Anzeni na daftari. Andikeni mzigo wenu wa mwezi mmoja. Someni kadi ya gari. Someni leseni ya dereva. Ulizeni kama gari hilo linaweza kusimama, msiulize tu kama linaweza kuvuta. Na dereva akisema mzigo umezidi, msikilizeni. Wewe uliyejifunza kusoma juzi unaweza kuzisoma karatasi hizo kama mtu yeyote. Wasomee wenzako kwa sauti.

Lile gogo la nane bado liko kule mlimani kando ya barabara. Wapita njia hulikalia wakipumzika.